Waandaaji wa safari za visiwani Kilwa, mnauza bahari bila kuangalia maji?

Wakuu, heshima kwenu. Nimejaribu kulimeza hili, limekataa kushuka.

Kuna jamaa wanajiita waandaaji wa matembezi. Tangazo lao linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Lindi na Mtwara: fukwe tulivu za visiwani, kuogelea, kayaki, kuzamia kwa miwani na mrija, halafu baiskeli Kilwa Kisiwani. Laki mbili na nusu kwa kichwa, "kila kitu ndani". Siwataji, mods wasije wakafuta uzi, ila wakisoma watajijua.

Sasa oneni ratiba. Saa tatu asubuhi kuondoka gatini Kilwa Masoko. Saa nne kuogelea na kayaki. Saa tisa alasiri baiskeli. Saa kumi kurudi. Na siku yenyewe ni mwezi mpevu!

Mtu wa pwani hapo ameshacheka. Kwa ndugu zangu wa bara: ukanda wetu huu, bamvua (maji yanayojaa na kukupwa kupita siku nyingine) la mwezi mpevu au mwezi mwandamo linakupwa mpaka mwisho kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha maji yanajaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Mtoto wa darasa la tatu pale Kilwa anakutajia bila kuangalia simu. Yaani hawa watu wametupangia kuogelea saa ambayo bahari haipo, na kuturudisha saa ambayo imefika.

Tulishuka kwenye boti mbali na ufukwe, tukatembea kwenye tope na majani ya bahari, viatu mkononi, wengine wakikatwa na matumbawe. Kayaki zikaburutwa kama mzoga wa ng'ombe. Wakapita akina mama na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, mmoja akatuangalia kwa huruma: "Wanangu, mmekuja kuogelea au kuokota chaza?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika viuno. Nilicheka pia, lakini kwa hasira.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa hapo hapo. Maji yakikupwa, mchanga wa chini unabaki na unyevu, unashikamana, tairi haizami. Hiyo ndiyo saa ya baiskeli. Alasiri maji yakijaa, ndiyo saa ya kuogelea na kayaki. Geuza ratiba tu, hata senti haiongezeki! Wao saa tisa, maji yameshafunika mchanga mgumu, ndiyo wanagawa baiskeli, tukasukumane kwenye mchanga mkavu wa juu. Tairi zenyewe nyembamba za lami, zimejazwa upepo mpaka zinakaribia kupasuka. Nikamwambia kijana wao apunguze upepo tairi itanuke, akanijibu "bosi kasema zisiguswe". Breki ya nyuma ya baiskeli yangu haikuwa na raba kabisa, chuma kinasaga rimu.

Halafu wakaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Msikiti Mkuu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wa karne nyingi! Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameingia Urithi wa Dunia tangu 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, ikachukua mpaka 2014 kuyatoa. Mzee mmoja wa kisiwani akawakemea, wakamwona mkorofi. Na kibali cha kuingia magofu, ambacho eti kilikuwa "ndani", tulichangishana gatini kabla ya kupanda boti.

Maboya nayo. Jaketi nililopewa kifungo kimevunjika, pamefungwa kamba ya manila. Nikaliminya, likatoa maji kama sponji. Dada mmoja asiyejua kuogelea alipewa la mtoto, halipiti hata mabegani. Alipouliza, akaambiwa "hapa maji ya magoti tu, usiogope". Kwenda ni maji ya magoti, sawa. Na kurudi je?

Maana huu ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Asubuhi bahari imelala, alasiri upepo umeamka. Jamaa wakataka eti tupitie upande wa nje "wateja wapige picha", kufidia asubuhi. Nahodha, mtu mzima wa pale pale Kilwa, akakataa. Mwandaaji akamwambia, "Mzee, wewe umelipwa, twende." Yule mzee akazima mashine akamjibu, "Mwanangu, pesa yako chukua, hawa watu nitawarudisha kwa njia ya ndani." Bila yeye sijui ningekuwa naandika nini leo. Na ndiye ambaye hawakumuuliza chochote wakati wa kupanga ratiba.

Najua watakuja wale wa "umezoea Zanzibar wewe". Mimi mtu wa Lindi mjini, sihitaji kufundishwa bahari ya kusini. Fukwe zetu ni nzuri na hazina msongamano. Nenda Ruvula kule Msimbati, kina kiko karibu na ufukwe, unaogelea hata maji yakiwa yamekupwa. Visiwa vya Kilwa havina kosa. Kosa ni la mtu anayekaa ofisini na kalenda ya ukutani, anapanga safari ya baharini kama anavyopanga kikao.

Nimewadai nusu ya hela yangu, wamenijibu "hali ya asili haipo mikononi mwetu" na kunitoa kwenye grupu. Hali ya asili! Maji kupwa na kujaa yana jedwali, linajulikana mwaka mzima kabla.

Nasikia wanakusanya watu wa safari nyingine, Songo Mnara, ambako boti inashushia watu kwenye mikoko. Aliyelipa aje PM nimwambie aulize nini kabla hajapanda. Na mwenye mawasiliano ya manahodha wa Kilwa wanaokubali kukodishwa moja kwa moja, naomba naye aje.