Zile ndege za Mjapani kwenye muvi za zamani ni zenyewe au za kuchonga? Na zikishaigiza zinaenda wapi?

Mtu_wa_Tabata
Wakuu habari za usiku. Nina kesi na mjomba wangu naomba mnisaidie kuimaliza maana dau limeshafika kilo 2 za mbuzi. Jumapili umeme uliporudi tukawa tunaangalia Tora! Tora! Tora!, ile muvi ya 1970 ya Mjapani kupiga Pearl Harbor, sasa ile sehemu ndege zinapaa kutoka kwenye meli alfajiri bado kuna giza giza, moja baada ya nyingine, mjomba akasema unaona hizo, hizo ni Zero zenyewe, zile ndege za kivita za Mjapani, Mmarekani aliziteka akaziweka stoo. Mimi nikamwambia mjomba vita imeisha 1945, nani anaweka stoo ndege zote hizo miaka 25 kusubiri muvi? Akaniambia wakati huo hata baba yako alikuwa anavaa kaptura, nyamaza.

Sasa naomba mwenye ujuzi aseme, ni za kweli au za kuchonga? Na kama ni za kuchonga, muvi ikiisha zinapelekwa wapi, maana zile si kama nguo za waigizaji unakunja unaweka kabatini.

FundiNdege_MWZ
Mjomba aandae hela ya mbuzi.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo huku Mwanza na huo ugonjwa wa ndege za zamani ninao tangu chuo. Zero zilitengenezwa zaidi ya 10,000 lakini muvi inapigwa hakuna aliyekuwa na kundi la Zero zinazoruka, nyingi zilishaanguka baharini, zilishavunjwa au zinaoza kwenye visiwa vya Pacific. Kwahiyo walichofanya wakachukua ndege za mafunzo za Marekani na Kanada wakazikatakata. Zero ni Harvard, ile ya kufundishia marubani, ina viti viwili na kioo kirefu, wakakifupisha kikae cha mtu mmoja, ncha za mabawa wakazifanya duara. Ndege ya kudondosha mabomu inayoitwa Val wakaitoa kwenye BT-13, nayo ya mafunzo ya Marekani, na hapo walitumia akili sana kwasababu Val ya kweli magurudumu yake hayakunjwi, yananing'inia muda wote yamevishwa vifuniko kama viatu, na BT-13 nayo haikunji magurudumu, kwahiyo wakaivisha viatu tu kazi ikaisha. Ile kubwa ya torpido, Kate, ni mwili wa Harvard umerefushwa na kuungwa mkia wa BT-13.

Ukitaka kumkamata mjomba simamisha muvi ndege ikipita chini ya kamera. Angalia ukingo wa mbele wa bawa, umelala kurudi nyuma wakati ukingo wa nyuma umenyooka kama rula. Hilo bawa la Harvard huwezi kulificha hata ulipake rangi ya jua linalochomoza. Na hata hiyo meli wanayopaa ni ya Marekani, Yorktown, inaigiza Akagi ya Mjapani.

Zilienda wapi? Nyingi ziliuzwa, na kundi zuri likaangukia kwa wapenzi wa ndege za vita kule Texas, leo wanaitwa Commemorative Air Force. Tangu miaka ya 1970 wanazirusha kwenye maonyesho, mabomu ya kuigiza yanalipuka chini, moshi, watoto wanalia. Zimeshaigiza vita miaka mingi mara kumi kuliko vita yenyewe ilivyodumu.

Wanjohi_wa_Mathari
Harvard? Ngoja kwanza. Hizo Harvard si ndizo zilikuwa zinaangusha mabomu msituni Aberdare, Kenya, wakati wa Emergency, ile vita ya Mau Mau. 1953 Waingereza walileta kikosi kidogo cha RAF, jeshi lao la anga, kinaitwa 1340 Flight, wakaanzia Thika halafu wakahamia Mweiga hapa kwetu Nyeri, ndege ni Harvard zimefungwa mabomu madogo madogo chini ya mabawa. Shosho alikuwa anatuambia mtu akisikia ule mlio anaacha jembe shambani, ni mlio wa kukwaruza si wa kunguruma, kama mtu anapasua kitambaa kirefu.

Kwahiyo kumbe hiyo ndege imeigiza Mjapani kwa Mmarekani na huku ilikuwa haiigizi. Sijui hata niseme nini, ni vile tu nimeona jina nikashtuka.

FundiNdege_MWZ
@Wanjohi pole, na shosho alisikia vizuri. Pangaboi ya Harvard imefungwa moja kwa moja kwenye injini haina gia ya kupunguza mzunguko, rubani akiweka nguvu zote ncha zake zinakaribia mwendo wa sauti, huo mpasuko ndio unatokea hapo. Kwenye muvi huusikii, wanaweka sauti nyingine.

Bwana_Ukweli
Mi samahani ntaonekana mkorofi ila feki ni feki. Watu wanatumia mamilioni kutengeneza kitu cha maigizo kilichooza wakati vitu orijino vinaoza kila siku, hapa kwetu kuna mabehewa na injini za treni za mvuke zinaota nyasi hakuna anayejali, halafu unaniambia mtu anatunza ndege ya plaiwudi ya Hollywood? Hiyo ni sawa na kuhifadhi bunduki ya mbao ya kaole, wale waigizaji. Piga picha weka makumbusho, ndege choma moto.

FundiNdege_MWZ
Kwenye treni niko na wewe. Kwenye ndege ngoja nikupe kisa kimoja halafu uniambie kama utawasha kiberiti.

1969 kulikuwa na mpango wa muvi ya Biggles, yule rubani wa vitabu vya watoto wa Kiingereza, wakahitaji ndege ya BE2 ya vita ya kwanza. Za kweli zilizobaki duniani unahesabu kwa vidole. Fundi mmoja rubani, Charles Boddington, akaijenga pale Sywell, Uingereza, kuanzia kwenye Tiger Moth, ndege ndogo ya mafunzo ya Kiingereza. Akamaliza, ikaruka, halafu muvi ikafutwa. Haikupigwa hata kidogo. Mwaka uliofuata, 1970, huyo Boddington akafa Ireland akirusha ndege ya kuchonga kwenye muvi nyingine ya vita hiyohiyo ya kwanza. BE2 yake ikauzwa Marekani, ikaja ikaanguka huko, mabaki yakakaa miaka kibao hakuna anayeyaulizia. Miaka ya 2000 mtoto wake, Matthew Boddington, na mwenzake Steve Slater, wakayapata, wakayanunua, wakayarudisha Sywell kulekule. 2011 ikaruka tena.

Sasa kaa chini ufikirie huyo kijana anafungua ubavu wa ile ndege anakuta viungo vilivyopigwa gundi na mkono wa baba yake. Hiyo nayo ni bunduki ya kaole?

Na nikuongeze. Muvi ya The Blue Max ya 1966, ya marubani wa Kijerumani wa vita ya kwanza, ilipigwa Ireland, ndege zake zikajengwa sehemu tofauti, Fokker D.VII kule Dinard Ufaransa, zile za mabawa matatu Augsburg Ujerumani, Pfalz mbili Uingereza. Pfalz D.III ya kweli haijabaki hata moja duniani. Hata moja. Kwahiyo leo ukitaka kuona Pfalz D.III ikikata kona angani, unaenda kuangalia za namna hiyo, na zile mbili za muvi ziliishia New Zealand. Orijino unayotaka tuitunze iko wapi?

Bwana_Ukweli
Hapo kwa mtoto na baba nimekaa kimya. Pfalz bado nafikiria.

Fundi_Jahazi_Matondoni
Assalam aleikum. Mie ni fundi wa vyombo vya baharini huku Lamu, ndege sijui kitu, lakini nimesoma neno gundi na neno mbao nikasimama. Swali langu kwa fundi wa Mwanza: huo mwili wa mbao ulokaa nje miaka kumi, kumi na tano, wajuaje kipi cha kutoa na kipi cha kubakisha? Sisi chombo kikipandishwa pwani hatuangalii rangi, rangi hudanganya, tunapita na nyundo ndogo tunagonga ubao kwa ubao, ulo mzima hulia, ulooza hunyamaza.

FundiNdege_MWZ
Waaleikum salaam mzee wangu, umeniwahi, ndivyo hivyohivyo. Tunagonga kwa kidole au kipini cha bisibisi na tunasikiliza. Mbao mara nyingi ni nzima, kinachokufa ni gundi. Unaona kiungo kimeshikana vizuri, ukikichokonoa kwa kisu gundi inatoka unga mkavu, maana yake hapo hapajashikana, pamekaa tu kwa mazoea. Na ndege za muvi zina ugonjwa wake wa ziada, zilijengwa haraka kwa msimu mmoja, fundi hakufikiria mtu atazifungua baada ya miaka 40, kwahiyo unakuta bolti haifanani na mwenzake na mchoro haupo kabisa. Unafungua taratibu, unapiga picha kila unachotoa, unapima, mchoro unauchora wewe.

Halafu kuna kitambaa. Kinawambwa kitani kwenye fremu ya bawa, siku ya kwanza kimelegea kama shuka la kitanda unaona aibu hata kukionyesha. Unapaka doupu, ni dawa inanuka kama ile ya kutolea rangi ya kucha, unaacha, ukirudi asubuhi ukipiga kwa kidole linalia dum, limekaza kama ngoma. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga dum hiyo siku nzima nikamfukuza karakana.

Fundi_Jahazi_Matondoni
Kumbe ni kuwamba. Basi nimefahamu.

dada_wa_Kent
Naongezea kidogo, naishi karibu na Folkestone, kuna makumbusho Hawkinge ya vita ya anga ya 1940, nilipeleka wanangu. Kuna Spitfire na Hurricane, zile ndege za kivita za Mwingereza, mle za muvi ya Battle of Britain ya 1969, zile za kupanga tu uwanjani zionekane nyingi. Mwanangu wa miaka 7 akaniuliza mama mbona hii haina misumari, ni kweli ukisogea karibu inateleza kama boti ya faiba ya pale Kilindini. Na zimekaa vizuri kuliko gari langu.

FundiNdege_MWZ
@dada_wa_Kent asante, na kwenye muvi hiyohiyo "Wajerumani" angani walikuwa Wahispania. Messerschmitt zote zile, ndege za kivita za Mjerumani, ni Buchón, zilijengwa Hispania kwa ramani ya Mjerumani ila injini ni Merlin ya Rolls-Royce, yaani Spitfire inamkimbiza adui mwenye injini moja na yeye. Rubani mmoja wa Texas, Connie Edwards, alirusha kwenye muvi, malipo yake mengine akachukua ndege. Akazipeleka Big Spring akazifungia kwenye hanga lake, zikakaa zaidi ya miaka 40 na rangi zake za muvi mwilini, mpaka zilipouzwa 2014.

Na hapo ndio mimi nagombana na wenzangu. Ukipata ndege kama hiyo unaipaka rangi gani? Wengi wanakwangua rangi ya muvi wanaweka rangi "sahihi" ya kikosi fulani cha Ujerumani. Mimi naona unafuta kitu pekee ambacho ndege hiyo ilifanya kweli. Haijawahi kuwa kwenye hicho kikosi, ilikuwa kwenye muvi, basi iache na namba zake za muvi.

Bwana_Ukweli
Kwa hilo nakuunga mkono, na nimeudhika kukuunga mkono.

Mtu_wa_Tabata
Wakuu asanteni sana nimejifunza mpaka kichwa kinauma. Leo jioni nilimsomea mjomba kila kitu, nikamsimamishia na ile picha ya bawa. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akauliza hiyo Harvard ni ndege ya jeshi au si ya jeshi? Nikasema ya jeshi, ya mafunzo. Ilitengenezwa wakati wa vita au baada? Nikasema mkuu wa Mwanza hajasema lakini aina hiyo ilikuwepo wakati wa vita. Akavua miwani akasema basi, mimi nilisema ni ndege za kweli za vita, Zero ni jina tu.

Sasa anadai tugawane, kilo moja moja. Mimi naona Jumapili nitakula kilo yangu nikiwa nimenuna.