Tupeane uzoefu: kazi ya habari mtandaoni na mtoto mchanga nyumbani

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wahariri, waandishi, wa video na wanaosimamia kurasa za mitandao ya kijamii. Gazeti la karatasi lina saa ya kwenda mtamboni, likishaenda mhariri analala. Tovuti haina saa hiyo, na mtoto mchanga naye hana: ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Mimi ni mhariri wa zamu na tumepata mtoto wetu wa kwanza. Kinachonimaliza ni arifa kuliko hata urefu wa zamu. Nimembeba mtoto, simu inatetemeka, na akili yote imeshahamia huko. Walioipitia hali hii, mlifanyaje hasa? Ule ushauri wa "lala mtoto akilala" tumeusikia, lakini akilala ndipo nguo zinafuliwa.

DadaWaDawati
Hongera sana mdogo wangu. Nilichokipigania nilipotoka likizo ya uzazi ni makabidhiano. Kwetu mtu alikuwa akimaliza zamu anaondoka tu, halafu maswali yanamfuata nyumbani: hii picha tuna ruhusa nayo? Yule msemaji alijibu? Kichwa cha habari kabadilisha nani? Tukaanza kuandika ukurasa mmoja: habari zinazoendelea, nani katafutwa na hajajibu, kipi kimethibitishwa na kipi bado. Anayeingia anaandika "nimepokea", na anayetoka anaondolewa kwenye kundi la zamu. Kulinyamazisha kundi hakutoshi, maana utachungulia tu.

Nyumbani tukafanya vivyo hivyo: kanyonya saa ngapi, dawa ya homa kapewa na nani. Hilo la dawa nalitilia mkazo. Wazazi wawili wenye usingizi wanaweza kumpa mtoto dozi moja mara mbili.

MamaK
Wanaonyonyesha msikilize. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na likizo za wengi wetu huisha kabla. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14 na mapumziko ya kunyonyesha yanayolipwa kama muda wa kazi. Isome sheria ya kazi ya nchi yako kabla ya kuongea na bosi. Mimi saa za kukamua naziweka kwenye kalenda ya timu, kama mahojiano, ili mkutano wa wahariri usizile. Maziwa hukaa muda wa hadi saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji, ndani kabisa, si mlangoni.

BabaMpya
Niliomba kuhamishiwa makala za uchambuzi kwa miezi ya mwanzo. Niliambiwa nitasahaulika. Sikusahaulika.

Mhakiki
Naongeza jambo ambalo halijaguswa: picha. Kazi yangu ni kuhakiki video zinazotumwa na watu, za ajali, vita, mafuriko. Kabla ya kuzaa niliweza. Baada ya hapo, video yenye mtoto anayelia nilikuwa naibeba mpaka kitandani, na wangu akilia usiku nasikia yule mwingine. Sauti ndiyo inayoumiza zaidi, kwa hiyo sasa naizima kwanza, nafungua kidirisha kidogo, na nairudisha pale tu inapohitajika kuthibitisha kitu. Nilimwambia kiongozi wangu waziwazi kwamba za watoto walioumia azipeleke kwa mwenzangu kwa sasa. Alikubali siku hiyo hiyo. Jamani, semeni. Na huzuni ya baada ya kujifungua ikizidi wiki mbili, muone daktari, usisingizie uchovu wa zamu. Akina baba nao huwapata.

Mleta uzi
Asanteni mno. Mhakiki, pole sana, na asante kwa kulisema. DadaWaDawati, huo ukurasa naupeleka kwa timu yetu wiki hii. Swali: zamu ya usiku kwetu inashikwa na mtu mmoja. Akikwama, nani anapigiwa kabla ya kufikiwa mzazi aliyetoka zamu? Nyie mmepangaje?