Sanduku la Yusra

*Kikundi: UKOO WA BI MKUBWA, KIKWAJUNI, ZANZIBAR*
*Jumapili*

[20:41] Mama Yusra: Assalaam aleikum jamaa. Yusra anaondoka mwisho wa mwezi inshaallah, anakwenda skuli ya bweni Uingereza. Skuli imeleta orodha ya vitu, kurasa nne. Nimeisoma mara mbili na nusu yake sijaifahamu. Wifi Maryam, wewe ndiye unayezijua dakhalia za Uingereza, niongoze.

[20:43] Khamis: Kurasa nne? Hiyo orodha ya dakhalia au ya mahari?

[20:44] Mama Yusra: Khamis, leo sina mzaha.

[20:52] Shangazi Maryam: Waaleikum salaam wifi. Kabla ya sanduku, shika neno moja. Skuli yenyewe ndogo, watoto mia mbili na kitu, dakhalia ya wasichana haifiki vitanda hamsini. Skuli kama hiyo ukiiambia jambo wiki mbili kabla, tena kwa maandishi, itakufanyia. Ukiiambia siku yenyewe utaonewa huruma tu, basi. Mpishi keshaagiza, gari limeshajaa, mlezi wa zamu hana ruhusa. Kwa hiyo kaa na kalamu. Kila nikisema "barua", andika.

[20:53] Mama Yusra: Kalamu ninayo.

[20:58] Shangazi Maryam: Barua ya kwanza, chakula. Usiandike "hali nguruwe" ukaishia hapo. Mpishi akisoma hivyo atampa kuku ambaye hakuchinjwa kwa sharia, na atadhani amefanya sawasawa. Andika: "Anakula nyama iliyochinjwa halali tu. Isipokuwepo, samaki, mayai, maharage na mboga vinamtosha." Taja na jelatini kwa jina lake, maana imo kwenye jeli, peremende laini na baadhi ya mtindi, na hakuna anayeifikiria kuwa ni nyama. Na Yusra mwenyewe afundishwe kuangalia upawa. Mara nyingi upawa wa soseji ndio huo huo unaokwenda kwenye maharage.

[21:01] Bi Mkubwa: 🎤 *(sauti, 0:48)*

[21:03] Khamis: Kwa wasio na bando: Bi Mkubwa anasema mtoto achukue samli kilo mbili, udi, ubani na chetezo, asije akanuka baridi.

[21:09] Shangazi Maryam: Shikamoo Bi Mkubwa. Samli ni maziwa, na mzigo wa abiria kutoka huku hauruhusiwi kuingia Uingereza na nyama wala maziwa. Watamtolea pale pale uwanjani. Bizari, pilipili kavu na kashata za njugu hazina neno, ila kwenye kashata kwanza tuulize kama mwenziwe wa chumbani hadhuriki na njugu. Huko jambo hilo si dogo, skuli nyingine zimezipiga marufuku njugu moja kwa moja.

[21:12] Shangazi Maryam: Chetezo kibaki nyumbani, tafadhali. Kila chumba kina king'amuzi cha moshi darini. Kikilia, dakhalia nzima inatoka nje na nguo za kulalia, usiku wa manane, watu wanahesabiwa uwanjani mmoja mmoja. Hata dawa ya kujipulizia ukiipiga karibu yake inakiliza. Mpe mafuta ya udi kwenye kichupa, apake nyuma ya masikio. Na mkaa wa chetezo kwenye ndege haupandi.

[21:13] Bi Mkubwa: 🎤 *(sauti, 0:09)*

[21:14] Khamis: "Haya."

[21:20] Khalati Zuhura: Nami niulize la kwangu. Orodha inasema shuka ya kitanda kimoja, mfuko wa duveti (lile blanketi lao nene), foronya. Nishone au mnunue kule kule?

[21:24] Shangazi Maryam: Shona khalati. Ila hesabu si ya kitanda cha huku. Godoro ni sentimita 90 kwa 190. Duveti 135 kwa 200. Mto 50 kwa 75. Unene wa godoro wanasema 20.

[21:37] Khalati Zuhura: Basi ni hivi. Shuka ya mpira: urefu 190, ongeza unene 20 mara mbili, ongeza 10 ya kupenya chini kila upande, inakuja 250. Upana 90 na 40 na 20, inakuja 150. Pamba ya inchi 60 ina sentimita 152, kwa hiyo upana wa kitambaa ndio upana wa shuka, hakipotei hata kipande. Kila pembe nakata mraba wa 30 kwa 30, naunganisha, kisha mpira kuzunguka chini. Lakini kitambaa lazima kiloekwe maji ya moto na kukaushwa KABLA sijakata. Pamba inarudi. Mkinipa mita mbili na nusu kavu kutoka dukani, baada ya wiki mbili za mashine zao shuka itakuwa inaruka pembe kila akigeuka. Nileteeni mita 2.7 kwa shuka moja. Mbili, mita 5.4. Upana ukirudi sentimita tatu nne si neno, nakula kwenye ile ya kupenya.

[21:38] Khalati Zuhura: Mfuko wa duveti mita 4.4. Mdomo nauweka miguuni, vifungo vitano.

[21:41] Shangazi Maryam: Vifungo usiviache khalati. Na Yusra avifunge kabla ya kutia mfuko kwenye mashine ya kufulia. Ukiwa wazi, soksi na nguo za ndani zote zinaingia humo, zinafungana donge, zinatoka na maji katikati huku mfuko wenyewe umekauka.

[21:43] Khalati Zuhura: 😂 Hilo sikulijua.

[21:49] Shangazi Maryam: Majina pia ni kazi yako. Kila kitu, hata soksi. Kalamu ya wino inafutika baada ya kufuliwa mara chache, na vibandiko vya kupigwa pasi vinabanduka kwenye mashine ya kukaushia. Utepe wa pamba wenye jina la kutariziwa, ushonwe ncha zote mbili. Ukishona ncha moja unashika kwenye matundu ya mashine na kuchanika. Tepe sitini zinatosha. Nguo isiyo na jina inakwenda kwenye kapu la vilivyopotea, mwisho wa muhula inagaiwa.

[21:50] Ami Haji: Nani ana namba ya fundi wa friji? Ya Amani, siyo yule wa Darajani.

[21:51] Mama Yusra: Ami, nakutumia pembeni.

[21:58] Mama Yusra: Wifi, na mambo ya ibada? Hilo ndilo linalomkosesha babake usingizi.

[22:10] Shangazi Maryam: Barua ya pili, na hii ndiyo ndefu. Huku mchana na usiku tunaviona sawa mwaka mzima, kule sivyo. Chukua mfano wa London. Disemba jua linachomoza saa mbili na dakika nne asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika saba jioni. Maana yake adhuhuri, alasiri na hata magharibi zote zinaangukia saa za masomo au michezo. Juni ni kinyume, jua linazama saa tatu na dakika 21 usiku, isha inakuja wenzake wamelala na taa zimezimwa. Basi msiombe "ruhusa ya kusali" hivi hivi. Ombeni mambo matatu: chumba kisicho na watu kwa dakika kumi, kibali cha kutoka darasani kwa alasiri kuanzia Novemba hadi Februari, na kibali cha kuamka alfajiri bila kuandikwa kuwa amevunja kanuni. Tia na ratiba ya sala ya mji wao, mwezi kwa mwezi. Walezi wa dakhalia wanapenda karatasi yenye saa.

[22:14] Shangazi Maryam: Kibla: huku tunaelekea kaskazini. Kule ni kusini-mashariki, ukiwa London kiasi cha digrii 119. Mtoto asiende akatandika msala kwa mazoea ya Kikwajuni.

[22:15] Khamis: 🙈

[22:22] Shangazi Maryam: Udhu. Kuinua mguu kwenye sinki la kuoshea uso ndiyo lalamiko la kwanza linaloletwa kwa mlezi. Sakafu inalowa, mtu anateleza, sinki lenyewe limeng'ang'aniwa na skrubu mbili tu. Mnunulieni khuffu za ngozi, zile soksi za kupangusa badala ya kuosha miguu. Avae akiwa na udhu kamili wa asubuhi, kisha apanguse juu yake mchana wote. Kwa asiye safarini muda wake ni siku moja na usiku wake. Tena zina joto. Na kopo, jamani, kopo! Choo cha kule ni karatasi peke yake. Mtieni chupa laini ya plastiki ya nusu lita yenye mdomo mwembamba, aiweke kwenye kifuko chake cha kuogea. Kopo la rangi likiachwa chooni mtu wa usafi atalitupa akidhani ni la maua.

[22:23] Mama Yusra: Wifi umenichekesha, na ndilo nililokuwa naona haya kuuliza.

[22:29] Shangazi Maryam: Ramadhani miaka hii inaangukia Februari na Machi. Jua linachelewa kuzama kama dakika mbili kila siku, mwisho wa mwezi futari imesogea karibu saa nzima, kwa hiyo saa mliyopatana na jikoni wiki ya kwanza haifai wiki ya nne. Mpishi apewe ratiba yote mapema Januari. Daku linafungwa kwenye boksi jioni na kuwekwa friji ya dakhalia, lenye jina na neno "usile". Bila hilo neno, saa nne usiku halipo.

*Jumatatu*

[06:50] Ami Haji: Fundi nimempata, ahsanteni. Sasa masomo, mbona hakuna aliyeyagusa? Huo mtihani wao wa kimataifa, International Baccalaureate (IB), una masomo sita, matatu kiwango cha juu na matatu cha kawaida. Kila moja lina alama 7, insha ndefu ya maneno 4,000 pamoja na nadharia ya maarifa vinaleta 3, jumla 45. Watoto wetu wengi wanaacha Kiswahili wakidhani hakimo. Kimo. Kama skuli haina mwalimu, mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua fasihi ya lugha yake kwa kujisomea, kiwango cha kawaida tu, na kazi tisa za kusoma. Akichukua hiyo na fasihi ya Kiingereza pamoja, akapata angalau 3 kila upande, cheti kinaandikwa cha lugha mbili. Ila wamwandikishe mwanzoni kabisa, na vitabu avichukue kutoka huku. Maktaba ya huko hatavikuta.

[06:52] Ami Haji: Hiyo ni barua ya tatu.

[07:05] Mama Yusra: Vitabu kilo ngapi ami? Begi lina kikomo cha 23.

[07:08] Ami Haji: Kilo tatu. Punguza viatu.

[07:15] Shangazi Maryam: Ami kasema kweli. Viatu jozi tatu: vya ngozi visivyopitisha maji, vya michezo, na kandambili za bafuni. Sweta za sufu mbili, zifuliwe maji ya 30 na zisiguse mashine ya kukaushia, zitatoka saizi ya mtoto wa chekechea. Koti kubwa msinunue Darajani, atanunua kule Oktoba akishajua baridi ilivyo. Mitandio sita, yote ya pamba, ya kuvaa kichwani bila pini. Maabara kuna taa za gesi. Mtandio wa nailoni ukishika moto unayeyuka na kugandana na ngozi, wa pamba angalau unavulika. Pini michezoni haziruhusiwi. Kuogelea: suti ndefu ya kitambaa cha kuogelea, siyo ya pamba, maana pamba ikilowa inamvuta chini. Hiyo nayo barua, kabla ya somo la kwanza, kwa mwalimu wa michezo.

[07:18] Khalati Zuhura: Mafuta ya nazi je, ya nywele? Nimeshamkamulia chupa mbili.

[07:21] Shangazi Maryam: Yatoe kwenye chupa khalati. Chini ya nyuzi 24 yanaganda jiwe, na chumba cha dakhalia ni 18, 19. Hayatatoka kwenye shingo ya chupa hata akiipiga ukutani. Yatie kwenye kopo la mdomo mpana, achote kwa kijiko. Na yaende kwenye begi kubwa, mkononi ni mililita 100 tu.

[07:26] Mama Yusra: Pasi? Birika la umeme? Soketi za huko zikoje?

[07:29] Shangazi Maryam: Soketi ni zile zile za pini tatu za bapa, chaja zake zitaingia bila adapta. Lakini pasi, birika na jiko la wali chumbani marufuku, na kifaa chochote cha umeme kinapimwa na fundi wa skuli kwanza. Dawa zote ziwe kwenye paketi zake za duka na karatasi ya daktari kwa Kiingereza. Mafuta ya habbasoda kwenye kichupa kisicho na lebo yatafungiwa kwa nesi na hayatatoka.

[07:34] Mama Yusra: Na simu? Babake anataka kumpigia kila usiku akitoka isha.

[07:41] Shangazi Maryam: Dakhalia nyingi zinakusanya simu kama saa tatu na nusu usiku. Sasa hivi tumewapita saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, tutawapita tatu, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Nafasi yake ni baina ya masomo na chakula cha jioni, saa kumi na nusu hadi kumi na mbili kwao. Kwetu sasa ni saa kumi na mbili na nusu hadi mbili usiku, yaani magharibi hadi isha. Kuanzia Novemba ni saa moja na nusu hadi saa tatu, baba atapata baada ya isha bila wasiwasi. Wiki mbili za mwanzo mpigieni siku mbili tatu tu kwa wiki. Simu ya kila usiku inamtoa mezani wakati wenzake wanazoeana, na skuli ndogo urafiki unafungwa mapema.

[07:44] Shangazi Maryam: Sasa la mwisho, ndilo linalosahauliwa na wazazi wa mbali kuliko yote. Katikati ya kila muhula kuna likizo ya wiki moja. Ya kwanza ni mwisho wa Oktoba. Dakhalia INAFUNGWA. Hakuna mpishi, milango inatiwa ufunguo. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawamwachii aende kokote mpaka kuwe na mlezi aliyeandikwa, mwenye nyumba, aliyesaini fomu. Mlezi mmemweka nani?

[07:50] Mama Yusra: Tulimwandika Rukia, binti ami yake, yuko Northampton.

[07:51] Shangazi Maryam: Rukia ana miaka mingapi?

[07:51] Mama Yusra: 22

[07:53] Shangazi Maryam: Skuli nyingi zinataka 25 kwenda juu, tena asiwe mwanafunzi anayekaa chumba cha kupanga. Fomu itarudi.

[07:58] Ami Haji: Shemeji yake Rukia ana 34, ana nyumba na watoto wawili, mji huo huo. Nampigia leo adhuhuri. Mama Yusra nitumie fomu tupu, usiijaze jina.

[08:00] Mama Yusra: Natuma sasa hivi ami. Allah akuwekee.

[08:06] Khalati Zuhura: Kitambaa nileteeni kesho kabla ya saa nne, kimeshaloekwa na kimekauka. Baada ya hapo nina nguo za harusi mbili, nisilaumiwe.