Mfupa wa taya umesinyaa: nijaze wangu, wa ng'ombe au wa kiwandani?

Bint_Mkoani: Assalam alaykum. Magego yangu mawili ya mwisho ya chini yaling'olewa zamani, sasa nataka kupandikiza meno ya bandia. Daktari kanipiga picha ya CT ya taya, kasema mfupa umekuwa mwembamba, skurubu ya titani, ile inayokuwa mzizi wa jino la bandia, haitapata pa kushika mpaka ujazwe kwanza. Kanipa njia tatu: kukata kipande cha mfupa wangu nyuma ya taya, kutia chembe za mfupa wa ng'ombe, au zile za kutengenezwa. N'naomba waliopitia wanambie.

Mpwani74: Waalaykum salaam dada. Mie nilichukua wangu. Mfupa wako mwenyewe una seli hai, ndiyo maana pengo likiwa kubwa madaktari wengi huutaja mwanzo. Lakini unapasuliwa pahala pawili, na pale panapokatwa ndipo paliponitesa zaidi. Uso ulivimba, na mdomo wa chini ulikaa na ganzi muda mrefu kabla ya kurudi.

Mwalimu_Wete: Wa ng'ombe. Husafishwa mpaka yabaki madini matupu, na kwa kuwa hauyeyuki upesi, umbo linabaki huku mfupa wako unaota kuzunguka zile chembe. Shida yake ni kungoja. Mimi niliambiwa miezi 6 hadi 9 kabla ya skurubu.

Kassim_Ng'ambo: Kwa nini usitiwe daraja tu, yale meno ya bandia yanayoshikizwa kwa meno ya jirani, yaishe?

Bint_Mkoani: Nyuma hamna jino la kulishikia, kaka.

Ummu_Salma: Jamani, mnazungumzia chembe tu. Na utando je? Juu ya chembe hutandikwa utando wa kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya mnyama, kwa sababu nyama ya fizi huota haraka kuliko mfupa na bila kizuizi itaingia yenyewe pale. Tando nyingi zinazotumika zimetokana na nguruwe! Mimi niliuliza mwenyewe, hakuna aliyenieleza. Zipo za ng'ombe, na zipo za kutengenezwa, lakini huenda zikahitaji kuagizwa, kwa hiyo uliza mapema, si siku umeshakaa kwenye kiti. Hukumu muulize shekhe wako, ila asili ya kitu lazima daktari akwambie.

Tabibu_Meno: Ummu_Salma kasema kweli, na mgonjwa ana haki ya kuoneshwa boksi. Bint Mkoani, muulize daktari wako umebakiwa na milimita ngapi za upana. Skurubu ya milimita 4 inataka mfupa wa kama milimita 6, ili ibaki angalau moja kila upande. Ukipungukiwa kidogo, skurubu na chembe huweza kuwekwa siku moja. Ukipungukiwa sana, ndipo hoja ya Mpwani inapopata nguvu, na wengi huchanganya mfupa wa mgonjwa na wa ng'ombe. Chembe za kutengenezwa, za kalsiamu na fosfeti, mimi nazipendelea kwa mashimo madogo yenye kuta pande zote. Kwa ukingo wa taya mwembamba kama wako sizipi nafasi ya kwanza.

Nyote mnaosoma: mkienda kung'oa na mna nia ya kupandikiza, semeni siku hiyo hiyo. Karibu nusu ya upana hupotea mwaka wa kwanza, na shimo jipya ni rahisi kulijaza kuliko kujenga ukingo uliokwisha.

Sigara, sukari isiyotulia na vidonge vya mifupa dhaifu kama alendroneti, daktari msimfiche.

Bint_Mkoani: Ahsanteni sana. Nimebakiwa na 4. Naelekea kwa ng'ombe, pamoja na utando wa ng'ombe. Nitafanyia Dar baada ya Ramadhani, nimeze dawa zangu kwa saa zake. Naweza kurudi Pemba na boti siku ile ile?

Tabibu_Meno: Lala Dar. Damu ikitoka usiku uwe karibu na aliyekupasua. Na kabla hujaondoka panga nani atakutoa nyuzi, siku ya 10 hadi 14.

Mwalimu_Wete: Mimi nilitolewa Chake Chake, daktari wa Dar aliniandikia barua. Mwombe na wewe.