Katauti ya umeme au ya bolti kwa Legacy ya tabo?

kijana_ntinda:
Habari zenu wakubwa. Nina Subaru Legacy ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa kwenye injini), injini EJ20, ekzosti ni inchi 3 mpaka nyuma. Wiki nzima natumia kwenda kazini na mtaani nataka iwe kimya maana jirani ana mtoto mchanga, ila nikienda Busiika kwenye mashindano ya magari nataka ilie. Nimeona katauti, yaani kimlango cha kwenye bomba kinachotoa moshi bila kupita sailensa: kuna za umeme za rimoti, na zile za kifuniko cha bolti unafungua kwa spana. Nichukue ipi na ikae wapi? Fundi wangu anataka kuichomelea karibu kabisa na tabo anasema nguvu iko hapo.

matope_tu:
Banange, ya umeme nilikuwa nayo kwa Forester, miezi mitano tu. Kile kimota kinakaa chini ya gari kinakunywa matope yote ya Uganda, siku moja natoka Mukono mvua imenyesha nabonyeza swichi kufunga, wapi, imekwama wazi. Nimeingia mtaani saa sita usiku gari inanguruma kama trekta, mbwa wote wameamka, mama watoto yuko mlangoni na leso ananiangalia tu. Asubuhi nikalala chini na bisibisi kusukuma kile kisahani.

chuma_moto:
Mimi nachomelea ekzosti Katwe. Fundi wako hajakosea sana, moshi ukipata njia fupi tabo inaamka haraka, lakini westigeti, ile valvu ya kupunguza moshi unaoingia kwenye tabo, inaweza kuzidiwa na busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ikapanda kupita ile uliyoweka, na kama kompyuta haijatyuniwa utapasua pistoni. Pia usiweke mbele ya oksijeni sensa, ikivuja kidogo inavuta hewa ya nje, sensa inadhani petroli haitoshi, kompyuta inaongeza, utalia pampuni. Weka nyuma ya katalaiza, ile ya kusafisha moshi, kabla ya sailensa. Mdomo uangalie chini na pembeni, mbali na paipu za mafuta na breki. Saizi ni ya bomba lako, inchi 3, hiyo ya 2.5 waachie wenyewe.

dada_boksa:
Na usije ukaacha moshi utokee chini ya mlango jamani. Kaboni monoksaidi haina harufu, uko kwa jam ya Jinja Road dirisha wazi unaona usingizi tu. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao kanuni za kelele wanazo tangu 2003, so usifungue mjini.

kijana_ntinda:
Kwa hiyo ya bolti? Si zitashika kutu?

chuma_moto:
Zitashika kama ni chuma cha kawaida. Chukua stenlesi, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi, gasketi ya akiba weka butini. Kufungua ni dakika kumi, Busiika utafika mapema tu.

kijana_ntinda:
Poa, nakuja Jumamosi.

chuma_moto:
Njoo alfajiri uiache ipoe. Wa mwisho alikuja ametoka kuichapa barabara ya Bypass, bomba likaniunguza, alama iko mkononi mpaka leo.