Pingili imeteleza kiunoni: vyuma au mazoezi?

Mwenda Pole: Wakuu, mama ana miaka 61. Eksirei inaonyesha pingili ya nne ya kiuno (L4) imetelezea mbele ya ile ya tano (L5), daraja la kwanza. Akitembea hadi sokoni miguu inawaka moto, akikaa au kuinama inatulia. Daktari mmoja anataka apasuliwe afungwe vyuma vya kushikilia pingili, mwingine kasema mazoezi. Tumsikilize nani?

Mrija: Vyuma vya nini? Daraja la kwanza haijavuka robo ya pingili ya chini. Wengi hapo wanakwenda kwa mazoezi ya kukaza tumbo na matako, dawa za maumivu, yakizidi sindano ya mgongoni. Ila msimpeleke kwa wakandaji, wanalemaza watu.

Binti Kilwa: Taja mmoja! Bibi yangu kakanda wazazi na wavuvi tangu sijazaliwa, hajalemaza mtu. Mkishajua kusoma eksirei mnadharau watu.

Mrija: Dada, mafuta ya uvuguvugu kwenye misuli sina neno nayo. Nawasema wanaomlaza mgonjwa kifudifudi na kumpanda mgongoni kwa visigino eti mfupa urudi. Haurudi.

Binti Kilwa: Uliandika "wakandaji". Visigino umevileta sasa hivi.

Skrubu Nne: Mimi ninavyo hivyo vyuma. Zamani nilikuwa sifiki msikitini bila kuchuchumaa njiani, sasa nafika. Msimtishe mtu. Na si lazima India, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanapasua migongo.

Mzee wa Data: Kuna utafiti wa Sweden, 2016 nadhani: kupasua na kutanua njia ya mishipa ya fahamu tu kulitosha, vyuma havikuongeza kitu. Wamarekani mwaka huohuo wakaona vinaongeza nafuu kidogo.

Binti Kilwa: Kwa hiyo wasomi wenyewe hawajaafikiana, ila mshamba ni bibi?

Mrija: Nani kasema mshamba? Unanilisha maneno.

Skrubu Nne: Mwenda Pole, acha hawa. Mama anazuia mkojo vizuri? Sehemu anayokalia haina ganzi?

Mwenda Pole: Mkojo sawa, ganzi hana.

Skrubu Nne: Basi anzeni mazoezi. Akishindwa kuzuia mkojo au ganzi ikianza hapo anapokalia, hospitali usiku huohuo, msingoje asubuhi.

Binti Kilwa: Na mafuta ya uvuguvugu apakwe. Mrija mwenyewe karuhusu.

Mrija: Sijaruhusu, nimesema sina neno.