Majina Kama Yalivyo Kwenye Pasipoti

*Kikundi: Andalusia Inshallah*

Jumatatu

Da Zuu, 06:48: Assalam alaikum familia. Nakumbusha tena. Kwa safari yetu ya Andalusia, kule kusini mwa Hispania, nataka majina KAMA YALIVYO KWENYE PASIPOTI, namba ya pasipoti na tarehe ya kuisha muda. Mwisho kesho jioni. Mpaka sasa ninayo ya Shangazi peke yake.

Da Zuu, 06:51: Tiketi ya Alhambra, ile ngome yenye majumba ya wafalme kule Granada, inatoka na jina la mtu, na pale mlangoni wanaomba pasipoti wahakikishe. Mtu hawezi kuingia na ya mwenzake.

Da Zuu, 09:30: Naona tiki za bluu tu.

Dogo Suli, 09:34: Pasipoti ndiyo ile yenye picha niliyonuna?

Mama Junior, 09:35: 😂😂😂

Dogo Suli, 09:35: Wakilinganisha na ile picha mimi nimebaki getini

Da Zuu, 09:36: Suli yako inaisha lini?

Da Zuu, 09:52: Suli.

Da Zuu, 10:05: Haya, kwa wote. Viza ya Schengen, ndiyo hiyo ya kuingilia Hispania, wanataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku tunayotoka kule, na kurasa 2 tupu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho kabisa siku 15 kabla. Msiitegemee hiyo 15. Kinachokwisha haraka ni miadi ya kwenda kuweka alama za vidole. Ada ni euro 90 mtu mzima, watoto wa miaka 6 mpaka 11 ni euro 45. Na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Kaka Mkubwa, 13:20: Hizo 30,000 tunatoa sisi?

Shangazi, 13:24: Hapana mwanangu. Hicho ni kiwango ambacho bima inabeba ukiugua. Wewe unanunua bima tu.

Kaka Mkubwa, 13:25: Alhamdulillah. Jasho lilishaanza kunitoka.

Kaka Mkubwa, 13:26: Kwa nini Granada tunalala usiku mbili lakini?

Da Zuu, 13:31: Kwa sababu ya Majumba ya Nasrid, yale ya wafalme ndani ya Alhambra. Yana saa yake kwenye tiketi. Ikiandikwa 10:30 ni 10:30. Ukikosa saa yako utazunguka bustani za Generalife, utapanda ngome ya Alcazaba, lakini Ua wa Simba ulio ndani ya majumba ndiyo basi tena. Sasa mimi sitaki tufike usiku wa manane halafu asubuhi tunakimbizana.

Ba'Mdogo, 14:10: Hapo Zuu yuko sahihi, msimkate. Ule ua ndio roho ya safari. Simba 12 wa marumaru wamebeba bakuli la chemchemi, na ukingo wa bakuli umechongwa shairi la Ibn Zamrak kuzunguka lote. Kuta nazo zimejaa maneno mamoja yanayorudiwa kila unapogeuka: wa la ghaliba illa Allah. Hakuna mshindi ila Allah. Waliyaandika Banu Nasr, ndio hao Nasrid, wakiwa ndio ufalme wa mwisho wa Waislamu uliosalia Andalusia. Tarehe 2 Januari 1492 wakaukabidhi mji. Hatua chache kutoka hapo Mfalme Carlos wa Tano akaja kujijengea jumba lake, nje mraba, ndani ua wa duara, kubwa na zito, halifanani na jirani yake hata kidogo. Simameni katikati ya hayo mawili myaangalie. Mkifika msianze na simu. Tazameni kuta kwanza.

Dogo Suli, 14:12: Khutba ya Ijumaa imewahi wiki hii

Mama Junior, 14:13: Suli muogope Mungu 😂

Shangazi, 15:40: Na magoti ya Bi Mkubwa? Si mmesema iko mlimani?

Da Zuu, 15:44: Kuna basi dogo jekundu, C30, linapanda kutoka mjini mpaka langoni. Ndani ndiko kwenye kutembea, kama saa 3 hivi, na chini si sawasawa. Nimeomba tupumzike kabla ya Generalife. Sevilla ni afadhali, ule mnara wa Giralda hauna ngazi. Una njia za mteremko 35 zinazozunguka mpaka juu, inasemekana zilitengenezwa hivyo ili muadhini apande na mnyama. Ngazi zipo chache tu mwisho kabisa.

Dogo Suli, 15:45: Sawa. Mimi ndiye mnyama. Mama apande mgongoni

Mama Junior, 15:46: Farasi anayehema akipanda ghorofa ya kwanza

Kaka Mkubwa, 15:47: Farasi ana kitambi 😂😂

Dogo Suli, 15:48: Kitambi ndiyo tandiko lenyewe

Kaka Mkubwa, 15:49: [picha]

Mama Junior, 15:49: Yarabi ile ya harusi 😂😂😂 umeitoa wapi

Da Zuu, 15:58: JAMANI. MAJINA.

Jumanne

Da Zuu, 19:30: Jioni ndiyo hii. Nina watatu.

Mama Junior, 20:14: Kabla sijatuma langu naomba kuuliza. Safari hii anatuongoza nani?

Da Zuu, 20:16: Mwongozaji wa kule kule mwenye kibali cha Andalusia. Na kila mtu atapewa kile kifaa cha sikioni, hata ukiwa nyuma unamsikia.

Mama Junior, 20:17: Na wakala?

Da Zuu, 20:17: Siyo yule.

Mama Junior, 20:18: Nauliza tu. Istanbul pia tuliambiwa kila kitu kimepangwa.

Kaka Mkubwa, 20:20: Tusianze ya Istanbul.

Mama Junior, 20:21: Sianzi kitu. Ila waliokuwepo kwenye lile jumba la masultani, Topkapi, wanajua nani aliingia ndani na nani alibaki kwenye benchi.

Da Zuu, 20:23: Sehemu ya Harem, walikokaa wake wa sultani, ilikuwa na tiketi yake mbali. Nilishaeleza.

Mama Junior, 20:23: Ulieleza tukiwa hotelini.

Da Zuu, 20:25: Na pale mlangoni nani alisema "twendeni tu, atatukuta"? Siyo mimi.

Kaka Mkubwa, 20:27: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi, 20:28: Nimeusoma kabla hujaufuta.

Dogo Suli, 20:40: Farasi anaomba amani

Jumatano

Kaka Mkubwa, 17:05: Nimefikiria. Mimi naona tuiruke Córdoba. Siku hiyo tuiongeze Sevilla, tulione jumba la Alcázar kwa nafasi. Mnamjua mama. Akiingia kwenye ule msikiti wa zamani wa Córdoba atataka kuswali, na hairuhusiwi. Sitaki kuona askari anamsogelea mama yangu.

Ba'Mdogo, 17:30: Ni kweli hairuhusiwi. Leo lile ni kanisa kuu la Wakatoliki. Lakini Andalusia bila Córdoba tunakwenda kuona nini? Msikiti ule aliuanzisha Abd al-Rahman wa Kwanza karne ya 8, waliofuata wakaupanua na kuupanua, na nguzo zilizobaki leo ni zaidi ya 850. Mwaka 1236 mji ukatekwa, ukageuzwa kanisa. Karne ya 16 wakapasua katikati ya nguzo wakapandisha kanisa refu. Ukiwa mle unatoka kwenye kivuli cha matao, ghafla uko chini ya paa jeupe la kanisa, halafu unarudi tena kwenye matao. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha hilo.

Da Zuu, 17:41: Nimeshamwomba mwongozaji atueleze masharti nje, kabla hatujaingia. Asije kumkatiza mtu mbele ya watu.

Ba'Mdogo, 17:43: Vizuri. Na tusisahau Madinat al-Zahra, mji wa Abd al-Rahman wa Tatu. Uko nje kidogo tu ya Córdoba.

Da Zuu, 17:45: Jumatatu wanafunga, Ba'Mdogo. Na siku yetu ya Córdoba ni Jumatatu.

Ba'Mdogo, 17:46: Basi badilisha siku.

Da Zuu, 17:47: Nikibadilisha siku nabadilisha treni, hoteli, na saa ya Alhambra. Ya watu ambao sina hata majina yao.

Kaka Mkubwa, 17:50: Ndiyo nasema tuiruke.

Bi Mkubwa, 21:07: Nimesoma yote tangu juzi. Nilikuwa nasubiri mmalize. Kule Istanbul sikuumia kwa kukaa kwenye benchi, benchi lilikuwa zuri na upepo wa bahari ulikuwepo. Niliumia mlipotoka mkanionyesha picha kwenye simu, na hapakuwa na hata mmoja aliyesema mama turudi ukaone. Córdoba tutakwenda. Baba yenu alikuwa na ile kalenda ya matao mekundu na meupe, mwaka wake ukapita, akakata tarehe akabakisha picha, mnaikumbuka ilikuwa juu ya redio. Sitaswali mahali wenye pao wamekataza, mimi si mtoto. Nitasimama mbele ya mihrabu nitazame. Kutazama hawajakataza. Na mkinichukua mnichukue na magoti yangu, mwendo uwe wangu. Kama hamtaweza niambieni sasa, sio nikishafika.

Shangazi, 21:52: Tumekusikia wifi.

Ba'Mdogo, 22:03: Kaka aliipenda sana ile picha. Inshallah utaiona kwa macho yako, shemeji.

Kaka Mkubwa, 22:30: Sawa mama.

Alhamisi

Mama Junior, 05:58: Da Zuu nimekutumia pembeni. Langu na la Junior. Mimi nitakuwa nyuma na mama, mniandike hivyo. Siendi mbele na bendera ya mwongozaji.

Da Zuu, 06:02: Ahsante mdogo wangu. Nimepokea.

Dogo Suli, 07:15: [picha]

Dogo Suli, 07:15: Pasipoti hiyo. Inaisha Mei, tunasafiri Aprili, niko salama

Da Zuu, 07:16: Suli! Miezi 3 BAADA ya kutoka kule! Nilikuuliza Jumatatu!

Dogo Suli, 07:20: Kumbe inahesabiwa baada

Da Zuu, 07:21: Leo hii nenda kaanze kuomba mpya. Namba ya zamani sitaiandika kwenye tiketi.

Dogo Suli, 07:22: Naenda Da

Da Zuu, 08:40: Nashika tiketi za 10:30 kwa waliotuma. Suli jina lake linasubiri. Kaka bado hujatuma. Mwongozaji amejibu: kundi la watu 10 hawezi kwenda kwa mwendo wa mama na kumaliza Alhambra yote kwa asubuhi moja. Anasema tuache Alcazaba au tulipie mwongozaji wa pili akae na mama. Mnasemaje?

Shangazi, 09:15: Tuache Alcazaba.

Ba'Mdogo, 09:40: Alcazaba ndiyo sehemu ya zamani kuliko zote pale, Zuu.

Mama Junior, 09:41: Ba'Mdogo 🙏

Ba'Mdogo, 09:55: Basi wa pili. Nusu yake nitachangia mimi.

Da Zuu, 09:56: Na nusu nyingine?

Da Zuu, 12:20: Kaka?

Kaka Mkubwa, 18:47: Niko njiani. Hiyo nusu tuongee nikifika. Na ile ya Jumatatu ya Madinat al-Zahra imeishia wapi?

Da Zuu, 18:48: Haijaisha. Tuma pasipoti.